Kimea cha Bonde la Chumvi

*18 Oktoba 1976, Jumatatu*

Nimefika Kumunyu. Land Rover ya wilaya ilinishusha na sanduku langu, godoro na vifuko vitano vya mbegu, ikageuka kurudi Kasulu kabla sijamaliza kusema ahsante. Mimi Khatibu, mzaliwa wa Ujiji, mwenye cheti cha kilimo chenye muhuri, nikabaki njiani natazamwa na mbuzi.

Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Melkiadi, alikuja kunipokea. Ni mrefu, mpole, na kofia ya chama haimtoki kichwani. Hakunipa hata maji ya kunawa uso, alinipeleka moja kwa moja bondeni. Udongo mweusi, maji yapo, barabara ipo. Nikaanza kumpongeza. Akakwangua udongo kwa kidole gumba, akaniambia nionje. Nikaonja. Chumvi tupu!

"Mwaka sabini na nne walitutoa kule mlimani," akasema. "Aliyepima kijiji alituambia hapa kuna kila kitu. Hakuuliza kwa nini panaitwa Kumunyu. Kwetu munyu ni chumvi."

"Na nyinyi hamkumwambia?"

"Alikuwa anaongea."

Misimu miwili mahindi yao yamekauka yakiwa kimo cha goti. Bosi wangu Bwana Dadi, Afisa Kilimo wa wilaya, amenipa agizo lenye tarehe: shamba la mfano la eka mbili humu bondeni lizae kufikia mwisho wa Mei. Lisipozaa, kijiji kitahamishwa tena, maili kumi na tano kutoka hapa, juu ya mgongo wa mlima usio na maji. Nyumba mia moja na kumi. Melkiadi aliniambia kwa sauti ile ile ya upole, "Tumebomoa mara moja, bwana shamba. Mara ya pili hata panya hawatatufuata."

*19 Oktoba*

Kuku wa jirani wamekula sabuni yangu.

*23 Oktoba*

Leo nimehutubia mkutano wa kijiji, na nasema bila majivuno kwamba nilihutubia vizuri.

Niliwaeleza hivi. Ndani ya punje kuna wanga, ambao ni akiba ya chakula. Mche mchanga hauwezi kuula wanga ule ulivyo. Punje ikinywa maji, ndani yake huamka kitu kinachoitwa kimeng'enya, kinaukatakata wanga uwe sukari, na mche unakula sukari hiyo mpaka upate majani ya kujitafutia. Chumvi ikizidi udongoni, punje hainywi maji sawasawa, na kimeng'enya kinafanya kazi kwa kusuasua. Mche unakufa njaa na chakula kiko ndani. Lakini mbegu hazilingani. Ziko ambazo kimeng'enya chao hakibabaiki na chumvi. Kazi yangu ni kuitafuta mbegu hiyo kati ya aina tano za mtama nilizokuja nazo.

Mwanamke mmoja akanyanyua mkono. Anaitwa Esteri, wao humwita Mama Uwimana, ni mjane, na sauti yake inasikika mpaka ng'ambo ya mto. "Hicho unachosema si ndiyo kimea?"

"Kimea ni mambo ya pombe, mama," nikamjibu. "Hii ni sayansi."

Watu wakacheka. Nilidhani wanamcheka yeye.

*25 Oktoba*

Nimeloweka mbegu kwa maji ya kisima cha bondeni, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye ndoo. Kitabu kinasema punje mia kwa kila aina. Niliona punje mia ni aibu kwa mtu mwenye cheti, nikaloweka pishi zima kwa kila aina. Zimelala juu ya majani ya migomba, kila moja na karatasi yake: Namba Moja mpaka Namba Tano. Bwana Dadi ana imani kubwa na Namba Tatu. Anaitaja kama mtu anavyomtaja mwanawe aliyefaulu mtihani.

*28 Oktoba*

Naitwa Kasulu kwenye semina ya siku mbili. Kuku wananisubiri niondoke, nawaona. Nimemkabidhi Mama Uwimana mbegu zangu. Nimemwambia mara tatu azilinde. Akasema "ego, ego," yaani ndiyo, kwa namna ya mtu aliyekwishaelewa tangu mara ya kwanza.

*11 Novemba*

Semina ya siku mbili imekula wiki mbili. Mvua ilibeba daraja, Land Rover ikapasuka kitu, nikalala kwa Mzee Abdulrahmani mwenye duka, rafiki wa marehemu baba, mtu wa swala tano na maswali kumi. Leo nimetembea kutoka njia panda na viatu mkononi.

Nilisikia nyimbo kabla sijaona kijiji. Uani kwa Mama Uwimana wamekaa wanaume kumi na wawili, mwenyekiti akiwa wa kwanza, kila mtu na mrija wake. Mbele yao vyungu sita. Juu ya vyungu vitano vimebandikwa vipande vya karatasi, na mwandiko ni wangu.

"Mama Uwimana! Mbegu zangu ziko wapi?"

"Si hizo hapo. Nimekulindia."

"Nilisema zilindwe!"

"Ulisema siku mbili. Siku ya tano zilikuwa zimechipua zimefika. Ningeziacha zioze, Mungu ananitazama? Mtu akikuachia kimea ukilinde, unakilinda kwa kukipika. Nimezianika, nimezisaga, nimeziweka kwenye uji wa mahindi. Wala sikuzichanganya. Kila moja na karatasi yake, kama ulivyotaka."

Nilimpa maneno. Siyaandiki hapa, mama yangu huenda akakisoma kitabu hiki. Nilimwambia amekunywesha watu mali ya serikali, kwamba kijiji kizima kitahama kwa sababu ya chungu chake, kwamba mtu asiye na elimu ni hatari kuliko nzige. Yeye alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mwenye homa.

Melkiadi akatoa mrija mdomoni. "Usigombe, bwana shamba. Namba Tatu yako tulitaka kukuachia. Haikuiva. Ni uji. Uji baridi, na una hasira."

"Namba Moja nayo hivyo hivyo," akasema mwingine. "Namba Tano inajaribu."

"Na hiki kisicho na karatasi?" nikauliza, bado nimefura.

"Hicho changu," akasema Mama Uwimana. "Niliona umeleta tano, nikaongeza mtama wetu mwekundu, nikauloweka kwenye maji yale yale ya chumvi. Mama yangu alizaliwa karibu na chemchemi za chumvi, hawakuwa na maji mengine. Mtama huu haujali."

Kile chungu kilikuwa kimebaki mashapo tu.

Nilikuwa bado na matusi mengine mawili tayari. Badala yake nikaukoroga uji wa Namba Tatu. Uji mzito ukitiwa kimea unakuwa mwepesi na mtamu kwa sababu kimeng'enya kinakata wanga. Kama mbegu imeloweshwa chumvi na kimeng'enya chake kimelala, uji unabaki uji. Mwanamke huyu alikuwa amelifanya jaribio langu mpaka mwisho, na watu kumi na wawili wakalipima, wakati mimi nakunywa chai Kasulu.

*12 Novemba*

Nimethibitisha kwa iodini, maana mimi si mtu wa kuamini walevi. Tone moja katika kila chungu: penye wanga uliobaki, rangi inageuka nyeusi ya samawati. Namba Tatu ikawa nyeusi kama wino. Namba Moja vile vile. Namba Mbili, Nne na Tano ziko katikati. Mashapo ya mtama mwekundu yalibaki na rangi ya iodini yenyewe, hayakugeuka hata kidogo. Mpangilio ni ule ule wa walevi, hakuna hata kimoja kilichopishana.

Nilikwenda kumwomba Mama Uwimana radhi. Akanipa kiti. Radhi hakuitaja, lakini kiti kilikuwa kimefutwa.

*20 Novemba*

Sayansi hurudiwa. Niliamuru jaribio lifanyike upya kwa mtama mwekundu, na leo vyungu vimeiva. Wapimaji waliojitokeza ni ishirini na tisa.

*30 Novemba*

Jaribio la tatu. Wapimaji arobaini na moja, wengine wametoka kijiji cha Kagerankanda. Sijawahi kuona watu wanaopenda elimu hivi.

*1 Desemba*

Idd. Nimeswali peke yangu, nimekula wali peke yangu. Barua ya Mzee Abdulrahmani imefika: "Mwanangu, hapa Kasulu inasemwa kwamba mtoto wa marehemu rafiki yangu amefungua kilabu. Niandikie kwamba si kweli." Nimeandika kurasa nne juu ya kimeng'enya. Nilipozisoma tena, kila ukurasa unazidi kunitia hatiani.

*4 Desemba*

Siku mbaya. Naandika yote ili nisije nikajisingizia ujinga baadaye.

Mvua zimetulia, udongo uko tayari. Bwana Dadi ameleta barua: eka zote mbili zipandwe Namba Tatu. Nikaamua moyoni, eka ya kando ya barabara nitampandia Namba Tatu yake, eka ya ndani nitapanda mtama mwekundu. Nikamwendea mwenyekiti kuomba mbegu.

Melkiadi akatazama mawinguni. "Mbegu ipi, bwana shamba?"

"Mtama mwekundu."

"Si tumeujaribu?"

"Wote?"

"Ulisema sayansi hurudiwa."

Nikakaa chini, hapo hapo kwenye tope. Mtama mwekundu ulikuwepo kidogo tu kijijini, wanawake wachache waliuficha wakati wa kuhamishwa. Watu wote walitoa walichonacho kwa ajili ya jaribio langu, kwa sababu bwana shamba kasema. Mimi sinywi, lakini mimi ndiye niliyekunywa kijiji hiki.

Yalibaki maneno ya mtoto mmoja wa jirani, kwamba kwa Mama Uwimana kuna kibuyu cha mtama mwekundu darini, juu ya jiko, mahali ambapo moshi hufukuza wadudu. Nikaenda. Hakukana.

"Kipo. Ni cha harusi ya Uwimana, tarehe nane Januari. Kwetu binti hatoki nyumbani bila pombe ya mtama. Wakwe wakija wakakuta mtungi mkavu, wanageuka na vijembe vyao, na binti yangu anabaki wimbo."

"Mama, hicho kibuyu kinatosha eka moja."

"Na harusi moja."

Uwimana mwenyewe alikuwa nje anatwanga, na mchi ukawa umesimama. Nilijua anasikiliza.

Nilitaka kumhutubia. Nilikuwa na hoja nyingi, za taifa, za kujitegemea. Nikamtazama usoni, nikasema tu, "Ninaogopa, mama. Mei wakija na malori itakuwa kwa sababu yangu."

Akatazama darini. "Ukishindwa, binti yangu hana harusi na mimi sina nyumba."

"Ndiyo."

"Mawe, mama yangu wee! Angalau leo hudanganyi." Akapanda kwenye kigoda, akakishusha kibuyu, akakikumbatia. "Nitakupa. Lakini harusi ikingoja mavuno, nani atamwambia baba wa bwana harusi? Mimi siendi. Utakwenda wewe, na maneno yako."

*6 Desemba*

Nimekwenda Kagerankanda kwa Mzee Ndihokubwayo, baba wa bwana harusi. Alinisikiliza akiwa anachonga mpini.

"Kwa hiyo mke wa mwanangu anazuiwa na kitu kilichomo ndani ya mtama."

"Kimeng'enya, mzee."

"Ni mdudu?"

"Si mdudu."

"Kina macho?"

"Hakionekani, mzee. Kinaonekana kwa kazi yake tu."

"Mtoto wangu wa tatu ni kinyume chake," akasema. "Yeye anaonekana, kazi yake haionekani." Alichonga tena kidogo. "Sawa. Tutangoja mavuno. Mtama ukifa, utakuja kunilimia msimu mzima, na jembe uje nalo. Na viatu hivyo uviache kwenu."

Nikampa mkono. Kiganja chake ni gome la mti. Changu nilikiona kwa mara ya kwanza.

*9 Desemba*

Tumepanda. Mama Uwimana alidondosha punje mbilimbili kama anayelisha kifaranga mgonjwa. Kando ya barabara, Namba Tatu.

*25 Desemba*

Krismasi. Vyungu vyote vya kijiji vimekauka. Wamekunywa pombe ya ndizi, na wote wananitazama kwa lawama.

*14 Januari 1977*

Mvua imekata siku kumi na mbili. Chumvi inapanda juu kama ukungu uliogandamana.

*15 Januari*

Hakuna mvua.

*16 Januari*

Hakuna. Kuku wameingia ndani, nimewaacha.

*22 Januari*

Namba Tatu imeungua ncha za majani, na leo kuanzia mzizini imeanza kulala. Mtama mwekundu umekunja majani lakini umesimama. Wataalamu huandika kwamba mizizini nako kuna vimeng'enya vinavyoisukuma chumvi irudi nje. Hilo siwezi kulipima kwa chungu. Nakwenda tu asubuhi na jioni kuuhesabu. Namkuta Mama Uwimana amefika kabla yangu kila siku, naye anajifanya anatafuta kuni. Bondeni hamna hata kijiti.

*29 Januari*

MVUA. Nimesimama nje nikalowa na cheti changu, kilikuwa mfukoni. Muhuri umechujuka.

*5 Februari*

Redio imetangaza: vyama viwili vimekuwa kimoja. Melkiadi ameuliza kama kofia nayo inabadilishwa. Akaivua akaitazama ndani. Ana upara! Miezi minne sikujua.

*8 Aprili*

Mtama mwekundu umetoa masuke. Ndege wanakuja makundi kwa makundi, wanadonoa mara moja, wanatema, wanakwenda kuuliza kwingine. Ganda lake ni chungu. Nilianza kumweleza Mama Uwimana jambo hilo kisayansi. Akasema, "Wewe unafikiri kwa nini tulikuwa hatulindi?"

Namba Tatu haina haja ya kulindwa. Imebaki miche kumi na tisa.

*30 Mei, Jumatatu*

Bwana Dadi amefika. Nyuma ya Land Rover lilifuata lori tupu. Kila mtu aliliona lile lori, na kila mtu alijifanya hakuliona. Wanawake walisimama milangoni wameshika fito za nyumba zao.

Alianzia kando ya barabara. Akatazama mahali palipopaswa kuwa na Namba Tatu yake, akaita tarishi amletee faili, akasoma, akatazama tena ardhi, kama kwamba kimojawapo kimekosea.

"Ndugu Khatibu, umeniangusha."

"Twende ndani kidogo, Ndugu Afisa."

Tukapita majani. Mtama mwekundu ulikuwa juu ya vichwa vyetu, masuke yamejaa, mazito, yameinama. Bwana Dadi akavunja suke moja, akafikicha, akapuliza makapi, akatafuna. Hakusema kitu. Sijawahi kumwona hajasema kitu.

"Hii ni namba ngapi?"

Nilifungua mdomo. Melkiadi akanitangulia. "Haina namba, Ndugu. Ina mwenyewe." Akamwonyesha Mama Uwimana.

Tuliporudi uani kwangu, Bwana Dadi akachukua iodini yangu mezani, akasoma daftari langu la majaribio, pamoja na safu ya wapimaji arobaini na moja. Mdomo ulimcheza. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alivua kofia, akamgeukia mwenyekiti, na sauti yake ikawa ndogo.

"Mwaka sabini na nne nilipokuja kupima hapa. Kwa nini hamkuniambia?"

Kumbe alikuwa yeye.

Melkiadi akatazama nyasi kwa heshima. "Ndugu, ulikuwa unaongea."

Lori limerudi Kasulu tupu. Kijiji kinabaki. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia, na nikakuta wazee wawili wamekwishanitangulia.

*11 Juni*

Harusi ya Uwimana. Mzee Ndihokubwayo alikagua viganja vyangu kabla ya kukaa, akatikisa kichwa kukubali. Mitungi ilipangwa, mirija ikagawiwa, na kwa desturi mgeni wa heshima huvuta kwanza. Wote wakanitazama. Nikafikiria Mzee Abdulrahmani na maswali yake kumi.

Mama Uwimana akanyanyua mtungi mdogo aliouficha chini ya meza. "Huu ni wako. Togwa ya kimea cha bondeni, nimeipika asubuhi, haijalala hata saa moja. Ndani yake hamna kilevi. Mna kile kitu chako tu."

Nikavuta. Ilikuwa tamu mpaka nikafumba macho. Miezi minane nimekihubiri kimeng'enya, na leo ndiyo mara ya kwanza nimekionja.

*17 Juni*

Barua ya uhamisho. Nakwenda Kibondo, kuna bonde jingine lenye ukoko mweupe, na kijiji kingine chenye tarehe.

Mama Uwimana alikuja kuniaga na kibuyu. Ni kile kile, kimejaa. Nimekibandika karatasi kwa herufi kubwa: MBEGU. SI KIMEA. Akataka nimsomee maneno hayo, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Kisha akaanza kuniambia namna ya kukiweka. Kiwe juu ya moshi lakini mbali na moto. Nisipande kabla mchwa hawajaruka. Nikifika nisiende kwanza kwa mwenyekiti, nitafute nyumba yenye chungu kikubwa kuliko vyote, niketi hapo. Nilikuwa na mengi ya kuongeza, mawili matatu ya kusahihisha. Nikachukua kalamu, nikaandika anavyosema.

Alifika katikati akasita, akanitazama kwa wasiwasi.

"Leo huongei, bwana shamba," akasema. "Unaumwa?"